Sukuma Kulia, Nenda Kulia

Mazungumzo na madereva wapya wa bodaboda, Mombo, asubuhi kabla ya mazoezi ya uwanjani

Asalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wale ambao usingizi bado haujawatoka, hamjambo.

Najua wengi wenu mna pikipiki za mkataba, na hesabu ya bosi haisubiri mtu amalize darasa. Kwa hiyo shukrani ndefu nitaziruka. Alama za barabarani, leseni ya daraja A, bima, hayo yote afande atawaeleza mchana. Mimi nimepewa kitu kimoja tu, kona. Na hapa Mombo kona si habari ya kusoma. Ukitoka getini ukashika njia ya Lushoto una kilomita 33 za kupanda, na humo ndani barabara inakukunja kulia, inakukunja kushoto, mpaka ufike juu umesahau upande ulioanzia.

Nianze na swali, mnijibu kwa sauti. Uko spidi 50. Mbele yako kuna kona ya kulia. Unataka pikipiki iende kulia. Usukani unaufanya nini?

Nasikia "unaugeuza kulia". Nasikia "haugeuzwi, unalaza mwili". Dada pale nyuma anasema unapunguza gia kwanza. Huyo tutarudi kwake baadaye, maana ameanza kuishughulikia kona kabla haijafika.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kila aliyewahi kukata kona ya kulia kwa mwendo huo akatoka salama, kwanza aliupeleka usukani kushoto. Kidogo mno, pengine unene wa ukucha, na kwa muda wa kupepesa jicho, lakini ni kushoto. Ndipo pikipiki ikalala kulia, na ilipolala ndipo ikaenda kulia. Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi nilicheka nilipoambiwa.

Wala msione haya kwamba hamkujua. Mmewasikia wale ndugu wa Marekani, akina Wright, walioruka na ndege yenye injini mwaka 1903. Kabla ya ndege walikuwa mafundi baiskeli, wana duka lao katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Mkubwa kati ya hao wawili, Wilbur, aliwauliza waendesha baiskeli wengi swali la aina hii niliyowauliza. Ukitaka kwenda kushoto unafanyaje? Karibu wote walimjibu kwamba unageuza usukani kushoto, basi. Alipowabana zaidi, baadhi yao wakakiri kwamba kwanza huupeleka kulia kidogo, na baiskeli ikishainamia kushoto ndipo huurudisha kushoto. Watu wazima, baiskeli wanaipanda kila siku, mikono inafanya, vichwa havina habari.

Siku za kawaida hilo halina shida. Mkono unajua kazi yake, acha uifanye. Shida ni siku ya hofu. Hofu ikiingia, kichwa kinaunyang'anya mkono kazi. Na kichwa ndicho kisichojua.

Niwaambie yaliyonipata. Mimi pikipiki nilifundishwa na binamu yangu nyuma ya soko, kwa muda wa kunywa chai. Hii klachi, hii gia, hii breki, usiachie klachi ghafla, haya nenda. Wiki ya tatu nilikuwa nashuka kutoka Soni, njia hii hii ya Lushoto, na matenga mawili ya nyanya. Nikafika kwenye kona ya kushoto, mlima uko upande wangu, bonde liko ng'ambo. Niliingia na mwendo kidogo kuliko nilivyozoea, si mwendo wa kutisha. Katikati ya kona pikipiki ikaanza kutanuka, inatafuta upande wa pili wa barabara, na mbele yangu likachomoza Fuso linapanda.

Kichwa kikapiga kelele: geuza kushoto! Nikaukamata usukani kwa mikono miwili, nikaugeuza kushoto kwa nguvu zote alizonijalia Mungu. Pikipiki ikainuka, ikalala kulia, ikaelekea palepale lilipo Fuso.

Yule dereva alikuwa mtu mzima. Alikuwa ameshapunguza tangu aliponiona, akasimama kabisa. Mimi nikapita mbele ya bampa lake nikiwa tayari niko chini, nikaja kuzuiwa na jiwe la ukingo upande wa bonde. Mtulinga wa kulia ukavunjika, na kwa miezi miwili na nusu mkono huu haukuvuta mafuta. Nyanya hata mbuzi hawakuzitamani. Na kwa miaka mingi baada ya hapo nilikuwa nawasimulia watu kwamba usukani ulinigomea, fundi alifunga vibaya. Nilimsingizia fundi wa watu. Usukani haukunigomea hata kidogo. Niliuambia twende kulia, ukanipeleka kulia.

Nimekuja na mti wa ufagio. Njoo hapa wewe mwenye jezi ya Simba. Msinung'unike, wa Yanga nao zamu yao itafika uwanjani. Usimamishe huu mti juu ya kiganja chako, hivyohivyo, watoto wote wameucheza mchezo huu. Vizuri. Sasa tembea nao kwenda kulia kwako. Taratibu.

Nyinyi msiutazame mti, tazameni mkono wake. Rudia, kaka. Mmeona? Kabla hajaanza kwenda kulia mkono umekwenda wapi? Kushoto! Hakuna aliyemwambia. Ameupeleka mkono kushoto kidogo ili mti uinamie kulia, halafu ndipo akaanza kuufuata. Angekwenda kulia moja kwa moja, mti ungemwangukia upande wa kushoto na tungekuwa tunauokota sasa hivi. Asante, nenda ukakae, umefanya kazi kuliko mimi.

Pikipiki ni huo mti. Kiganja ni matairi, na mti ni wewe, tangi, abiria wako na mzigo wake. Ukitaka kwenda kulia, sharti kwanza uanze kuangukia kulia, na ili uangukie kulia, chini lazima kuvutwe kushoto. Mtu akiwa amesimama juu ya mkeka, ukauvuta mkeka kwenda kushoto, anaangukia wapi? Kulia. Basi kusukuma mkono wa kulia wa usukani kwenda mbele ndiko kuvuta mkeka. Tairi la mbele linatazama kushoto kidogo, linatoka chini yako, huku juu mwili unaendelea na safari yake, na pikipiki inalala kulia.

Ikishalala, tairi lile lile linageuka lenyewe kufuata kona. Hulisaidii. Foku za mbele zimelazwa, hazikusimama wima, kwa hiyo tairi linagusa ardhi nyuma kidogo ya mahali ambapo mstari wa usukani ungegusa. Mmeshaona magurudumu madogo ya toroli la kusukuma mizigo, yanavyojigeuza kufuata unakokwenda? Jamaa yake huyo. Hapo kazi yako ni kuacha mikono ilegee ili tairi lipate kujigeuza. Ukiukaba usukani kama unamkaba mwizi, umelifunga kamba. Ushike kama unavyoshika kifaranga, asitoroke na asife.

Ukitaka kuinuka kutoka kwenye kona ya kulia, sukuma mkono wa kushoto, itasimama. Na ukiwa ndani ya kona unaona inatanuka, haitoshi, unasukuma nini zaidi? Kulia, ule ule wa upande unaokwenda. Semeni wote: sukuma kulia, nenda kulia. Sukuma kushoto, nenda kushoto. Tena unasukuma mbele, kama unayesogeza mlango. Husukumi chini.

Kijana mmoja aliwahi kunibishia kwamba pikipiki inasimama na kukata kona kwa sababu magurudumu yanazunguka kama pia, ile ya watoto kuchezea. Si mwongo, tairi linalozunguka lina ubishi wake. Lakini mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha Delft kule Uholanzi na wenzao wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa matokeo ya baiskeli ya majaribio waliyoitengeneza wakaifuta ile nguvu ya pia, na ile tabia ya toroli nayo wakaiondoa, na bado ukiisukuma peke yake bila mtu inajisimamisha. Kwa hiyo ile pia ya watoto tuipe sifa yake ndogo, tusiitajirishe.

Mtaniuliza, mbona kijiweni nikitaka kugeuka nageuza usukani kulia na inakwenda kulia? Kweli. Mwendo wa kutembea, mpaka kama spidi 15 au 20, pikipiki inaonekana kwenda unakogeuzia, kama baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu, maana ule msukumo wa kwanza ni mdogo mno huuhisi. Hapo ni klachi nusu, breki ya mguu kidogo, kichwa juu. Juu ya mwendo huo msukumo ndio unaotawala, na hakuna kengele inayolia kukuambia umefika hapo. Ndiyo maana mtu anajifunza uwanjani kwa mwendo wa kobe, anapita vizuri kwenye koni zote, anafurahi, halafu anakwenda kuitumia elimu ile ile kwenye kona za Soni.

Na nyinyi mliosema "unalaza mwili", msininunie. Kuna mwalimu wa pikipiki wa Marekani, Keith Code, aliyeanzisha shule yake ya uendeshaji California mwaka 1980. Alichoshwa na mabishano haya, akachukua pikipiki akaifunga usukani wa pili, lakini huu wa pili umeshikwa kwenye fremu, haugeuki, na una mkono wake wa mafuta. Mwanafunzi anaambiwa ashike ule usiogeuka, aende, kisha akate kona kwa kiuno na magoti. Pikipiki inayumba kidogo, inasogea kidogo, lakini kona ya kueleweka haikati. Watu wengi walioamini kiuno chao walishuka pale wamenyamaza. Ukilaza mwili, bila kujua unausukuma mkono. Sifa anachukua kiuno, kazi kafanya kiganja.

Nimesema siku ya hofu. Tena hilo si langu peke yangu. Katika Chuo Kikuu cha Southern California, profesa mmoja aitwaye Harry Hurt na wenzake walikuwa wanakwenda mahali penyewe ajali za pikipiki zilipotokea, katika eneo la Los Angeles. Ajali 900 walizichunguza hivyo, ripoti ikatoka mwaka 1981. Katika madereva wale, asilimia 92 walikuwa wamejifundisha wenyewe au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Yaani binamu yangu wa nyuma ya soko yuko hadi Los Angeles. Na walipotazama dakika ya mwisho ya ajali, waliona madereva wanakanyaga breki ya nyuma mpaka tairi linaburura, ya mbele wanaiogopa, na ule uwezo wa kusukuma usukani ukwepe, karibu hakuna aliyekuwa nao. Zile ajali ambazo mtu alianguka peke yake, bila gari jingine kuhusika, kama theluthi mbili zilitokana na kosa la dereva: ama kapitiliza breki akateleza, ama kona imemtanukia. Zilikuwa pikipiki za kizungu, barabara za kizungu, lakini somo nimelisoma kwenye bega langu.

Sasa dada wa gia. Simama, mama, wakuone. Dada huyu amejibu swali ambalo sikuuliza, na ndilo kubwa. Tazameni hesabu hii. Chukua kona kali, ile ambayo ukiikamilisha iwe duara, kutoka katikati mpaka ulipo ni mita 15. Ukiipita kwa spidi 20, pikipiki inahitaji kulala nyuzi 12 tu, abiria hata hajui. Kwa spidi 30, nyuzi 25. Kwa spidi 40, nyuzi 40. Kwenye saa ya ukutani, mshale ukitoka juu kabisa kwenda tarakimu inayofuata umelala nyuzi 30. Basi kwa spidi 40 umeshaipita hiyo tarakimu, na kwa pikipiki zetu hizi, nyuma kuna mtu na gunia na shokapu zimekaa, vyuma vya kukanyagia vinaweza kuwa tayari vinachora lami. Umeongeza spidi mara mbili tu, lakini kona imekudai zaidi ya mara tatu.

Kwa hiyo mwendo unapunguzwa wapi? Kabla. Pikipiki bado imesimama wima, breki zote mbili, ya mkono ikifanya kazi kubwa, gia inashuka, mwendo unakuwa ule ambao hutaujutia. Halafu unaachia breki, unatazama, unasukuma, na unatia mafuta kidogo ya kudumu, kama uzi usiokatika. Mafuta yale si ya kukimbia. Yanaituliza pikipiki ikae kwenye shokapu zake. Ukiyafunga ghafla katikati ya kona, uzito wote unakimbilia mbele, kwenye tairi lile dogo la saizi 2.75 ambalo tayari lina kazi.

Tairi lina ugali mmoja. Kona inakula kwenye sahani hiyo, breki inakula kwenye sahani hiyohiyo. Pikipiki ikiwa wima, breki inaweza kula yote. Ikiwa imelala sana, kona imekula karibu yote, na breki ikiingiza mkono kwa pupa, ugali umekwisha, uko chini. Na sahani yenyewe haina ukubwa mmoja. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi inaibua mafuta yaliyokuwa yamejificha kwenye lami, na lami inakuwa sabuni. Dizeli iliyomwagika kutoka kwenye tangi la lori lililojaa kupita kiasi, hasa upande wa wanaopanda, palepale penye kona. Kokoto ambazo magari yamezifagia mpaka ukingoni. Mistari nyeupe ikilowa. Hayo mnayajua kuliko mimi, ila mnayajua kwa macho ya mtembea kwa miguu.

Na macho yenyewe. Siku ile ya nyanya nilikuwa natazama nini? Fuso. Nilikuwa nalitazama taa zake, naweza mpaka leo kukuchorea wavu wa mbele. Mwili unafuata macho, mikono inafuata mwili, na unachokiogopa ukikikodolea ndiko unakokwenda. Ukitazama shimo, utaingia shimoni. Kwa hiyo macho yanakwenda mbali, mwisho wa kona, na kidevu kinayafuata, huku Fuso unalijua lipo kama unavyojua mama mkwe yupo sebuleni. Humkodolei.

Kona usiyoiona mwisho wake, tazama pale ambapo kingo mbili za barabara zinakutana mbele yako. Pale panasogea. Kama panakukimbia, kona inafunguka, endelea. Kama panasimama au panakujia, kona inakaza, na mwendo wako ni mwingi hata kama sekunde iliyopita ulikuwa sawa. Alama hii inafanya kazi kwenye kona usiyoijua, usiku pia kama taa yako ni nzima, na haina malipo.

Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kona zetu haziui namna moja. Kona ya kushoto ikikutanukia, inakupeleka upande wa wenzako, kwenye Fuso. Ya kulia ikikutanukia, inakupeleka nje, kwenye mtaro au kwenye hewa. Hizo wengi wanazijua. Wasichokijua ni hiki: kona ya kulia, matairi yako yakiwa karibu na mstari wa kati, umelala kulia, kichwa chako kiko wapi? Kiko upande wa pili wa mstari. Matairi yamefuata sheria, kofia ngumu iko njiani mwa basi. Kwenye kona ya kulia baki kushoto kwako, acha nafasi ya kichwa.

Kuhusu kushuka na gia huru. Najua mnafanya. Kutoka Lushoto mpaka hapa, injini haina kazi, gia fri, petroli imeokolewa, na hesabu ya bosi ikapungua uchungu. Nimefanya hivyo pia, siwahukumu. Lakini fikirini mnachokitoa. Injini haikushiki tena, kwa hiyo breki zinashika peke yake kilomita hadi kilomita, na breki zetu nyingi ni za ngoma. Ngoma ikichemka, breki inakuwa laini, unaminya na haipo. Halafu ule uzi wa mafuta niliousema, wa kuituliza pikipiki ndani ya kona, huna, maana injini haijaunganishwa na tairi. Petroli ya kushukia ni ya shilingi ngapi? Mtulinga wangu ulikuwa ghali zaidi. Shuka na gia ya pili au ya tatu, injini ikulilie.

Abiria. Huyu hakusoma darasa hili. Unalala kulia, yeye anaona dunia inainama, anajivuta kushoto kuiokoa. Au ni mama amekaa upande, miguu yote kushoto, mtoto mgongoni, na uzito haujawahi kuwa katikati tangu aliposhika bega lako. Sitawaambia mumkatalie, mtakula nini? Mwambie maneno mawili kabla hamjaondoka. "Mama, tukifika kwenye kona, tazama juu ya bega langu la upande tunaokwenda." Hayo tu. Akitazama pale, mwili wake unakaa sawa wenyewe, wala humwelezi habari za mkeka. Akikaa upande, punguza mwendo wa kona zote, za kulia na za kushoto. Mshikaki siuzungumzii. Mtu aliyepakia watatu hana kona, ana dua.

Mzigo wa nyuma unanyanyua pua. Gunia likikaa nyuma ya ekseli, tairi la mbele linakuwa jepesi, unasukuma usukani na jibu linachelewa, halafu linakuja lote kwa mpigo. Funga mzigo mbele kadiri unavyoweza, chini kadiri unavyoweza, na uufunge usicheze. Tenga linalocheza lina kona zake.

Tairi nalo. Tairi la pikipiki lina mgongo wa mviringo kwa sababu hiyohiyo ya kulala. Chukua kikombe cha plastiki chenye mdomo mpana kuliko kitako, kilaze mezani ukisukume, kitazunguka duara. Tairi lililolala linafanya kama kikombe hicho. Sasa wewe umelipeleka barabara kuu ya Segera miezi minane, katikati limelika bapa, ni kipara, pembeni bado lina meno, na unajisifu lina meno. Tairi hilo linakataa kulala, unalibembeleza, likifika kwenye kingo ya ule ubapa linaanguka ghafla. Upepo pia, ujazwe asubuhi tairi likiwa baridi. Na simamisha pikipiki kwa stendi mbili, inua tairi la mbele, geuza usukani polepole: ukihisi unanasa katikati, kama una kikalio, beringi za usukani zimekufa, na pikipiki hiyo haitakwenda hata njia iliyonyooka bila kuyumba. Mpelekee fundi. Huyu safari hii msimsingizie.

Nimeongea sana na jua linapanda. Sasa tunakwenda uwanjani. Pikipiki ziko nne. Zoezi ni moja, wala halina sifa: mstari ulionyooka wa mita 100, spidi 30, gia ya tatu, hakuna kona. Ukishatulia, fungua vidole vya mkono wa kulia uache kiganja tu kimegusa mpini, usiache mafuta yakate, kisha kisukume mbele kidogo, kwa uzito wa kikombe cha chai. Pikipiki itasogea kulia. Usishtuke, usimwangalie mwenzako, tazama mwisho wa uwanja. Sukuma kushoto, itarudi. Mara kumi kila mmoja, halafu spidi 40, mara kumi tena. Mtu akigeuza usukani badala ya kuusukuma nitamjua kutoka hapa, pikipiki itamsema.

Aliyevaa kandambili atabaki kutazama mpaka apate viatu. Dada wa gia, wewe ndiye wa kwanza. Wa Simba, shika mti wako wa ufagio, utasimama mwisho wa uwanja ndiyo alama ya kutazama. Usiutembeze.